Masizi kwenye Tanuri la Olasiti

Alhamisi, siku ya kumi na moja tangu aanze kazi kwa Mama Lesikar, Sumari aliingiza mkono mzima ndani ya tanuri lililopoa, akapitisha kitambaa cheupe darini, na kitambaa kikatoka cheusi tii. Alikigeuza upande wa pili, akapitisha tena. Kikatoka vilevile. Jana yake jioni alikuwa amesugua palepale kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, akalala akijua amemaliza.

"Yamerudi?" Mama Lesikar aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Yamerudi."

"Yote?"

"Na wenzao."

Mama Lesikar alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Alikaa mlangoni kidogo, mikono ameifunga kwenye kanga, akilitazama tanuri kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyegoma kula. Kisha akarudi ndani, na Sumari akabaki na kitambaa chake, akihesabu. Leo Alhamisi. Kesho Ijumaa. Wageni ni Jumamosi.

Sumari alikuwa na miaka hamsini na minane. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye loji moja upande wa Momela, mahali ambapo twiga walikuwa wakija asubuhi kuchungulia kamba za nguo. Aliingia akiwa muosha masufuria, akapandishwa kuwa mtu wa chapati, na mwaka wa sita akakabidhiwa tanuri la matofali lililokuwa nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo hakuna aliyempangia kitu. Kuni zake zilikuwa visiki vya mikahawa mizee iliyong'olewa huko vijijini, kwa sababu moto wa mkahawa ni mrefu na wa njano kama samli: unapanda ukuta wa nyuma, unalamba dari, unashuka upande wa pili. Saa ya kwanza dari lote huwa jeusi. Hapo mpishi asiyejua huingiza piza, ikatoka mbichi. Anayejua husubiri. Moto ukikolea, masizi yenyewe huanza kuungua, weupe unaanzia katikati na kutanuka taratibu hadi pembeni, na dari likishakuwa jeupe lote, ndipo kazi inaanza. Sumari hakuwahi kushika kipimo cha joto maishani mwake. Alikuwa akitazama dari tu.

Loji iliuzwa. Walioinunua walibomoa jiko wajenge la kwao, na Sumari akarudi kwenye kihamba chake Nkoaranga, migomba na mikahawa michache, akiwa na begi la nguo na koleo moja refu la mbao la kuingizia piza motoni, ambalo meneja alimwambia abaki nalo.

Miaka miwili nyumbani ilimwendea vibaya. Hakuumwa, hakulala njaa. Ila alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, anavaa, halafu hajui aende wapi. Kulima alilima, lakini alilima kama mgeni anayesaidia. Siku moja alijaribu kupika nyumbani, na mkewe Tabea akamvumilia hadi kwenye vitunguu.

"Baba Elieshi," alimwambia, "mimi sikuolewa hapa ili miaka thelathini baadaye nije nifundishwe kukata kitunguu. Nenda kaangalie mbuzi."

Akaenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wawili, na wote walikuwa wazima.

Kwa hiyo Mama Lesikar alipomtafuta, mwanzoni mwa Februari, Sumari hakuuliza hata habari ya mshahara mpaka Tabea alipomkanyaga mguu chini ya meza. Mama Lesikar, jina lake Nasieku, alikuwa mjane wa Kiarusha wa miaka arobaini na minne hivi. Nyumbani kwake Olasiti alikuwa na vyumba vinne anavyolaza wageni wanaokwenda mbugani na mlimani. Alikuwa amenunua tanuri dogo la gesi la nyumbani kutoka kwa familia iliyokuwa inahama, bado halijawahi kuwashwa, likaja bila kitabu cha maelekezo, akaliweka uani kwenye banda la bati. Tanuri alikuwa nalo. Mtu wa kusimama mbele yake hakuwa naye.

"Shikamoo, Baba Elieshi. Nimesikia habari zako kwa wapagazi," alisema siku ile. "Wanasema kule Momela piza yako watu walikuwa wanaipiga picha kabla ya kuila."

"Marahaba. Walikuwa wanapiga picha kila kitu, mama. Hata nyani."

Alicheka, kisha akaweka wazi mambo yake. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili kundi la watu kumi na mmoja lingeshuka Mlima Meru na kulala kwake, na walishaagiza piza. Kama siku hiyo ikienda sawa, kampuni iliyowaleta ingemletea makundi yote ya msimu. "Ukilimudu tanuri siku hiyo, ni lako. Hakuna mwingine atakayeligusa. Likikushinda, sitaki tugombane mzee wangu, nitamwita Oscar. Yupo hoteli ya mjini, amezoea haya ya gesi."

Sumari alisema sawa. Usiku ule alilipaka koleo lake mafuta ya kupikia, upande mmoja na mwingine.

Siku ya kwanza, Jumatatu ya tarehe kumi, alifungua mtungi, akabonyeza kiwashio, akasikia moto ukishika kwa pumzi moja, pufu. Aliinama kuutazama, asione kitu. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja bandani. Alivua kofia, akaziba mwanga, ndipo akaona safu ya ndimi fupi za bluu zimejipanga nyuma kabisa, zimetulia, kama moto wa kuchemshia chai. Alisubiri nusu saa. Hazikukua. Dari lilikuwa kama lilivyotoka dukani.

Alizunguka nyuma. Alipapasa chini ya bomba la moto, pale linapopokea gesi, akakuta pete ya chuma yenye matundu, inayozunguka. Aliizungusha kidogo, akarudi mbele kuangalia: ndimi zilikuwa zimeota ncha za njano. Alizungusha tena, matundu yakajifunga nusu. Njano ikaongezeka. Akaizungusha hadi mwisho, na moto ukasimama. Ukapanda ukuta wa nyuma, mrefu, wa njano, ukalamba dari, ukainama mbele. Sumari alijikuta anatabasamu peke yake bandani.

"Mama Lesikar! Njoo uone."

Mama Lesikar alikuja, akapiga makofi. "Eeh! Hapo sasa limewaka!"

"Lilikuwa limelala," alisema Sumari. "Nimeliamsha."

Pete ile hakuifikiria tena. Hakuificha, ilimtoka tu akilini, kama mtu asivyokumbuka asubuhi aliingiza mguu gani kwanza kwenye kiatu.

Masizi yalianza siku hiyohiyo, wala hayakumshtua. Alimweleza Mama Lesikar habari ya dari jeusi na dari jeupe, akimwonyesha kwa kidole weupe utakapoanzia. "Lipe saa moja," alisema. Saa moja ilipita. "Lipya linachelewa, lipe mbili." Jioni alifunga gesi dari likiwa jeusi kuliko mchana, akasema kesho litakuwa limeshajizoea.

Siku ya pili aliwasha saa nne asubuhi, akalipa mpaka saa nane. Siku ya tatu aliongeza gesi hadi mwisho wa kitufe. Moto ukajaa tanuri zima, ukatoa ulimi nje mlangoni, mzuri ajabu kwa macho, na moshi mwembamba mweusi ukaanza kupaka bati la banda. Weupe haukuonekana hata mahali pa kuweka sarafu. Piza ya kwanza aliyojaribu ilitoka juu ina madoa kama imenyunyiziwa unga wa mkaa, chini nyeupe, laini, haijaiva. Aliila mwenyewe amesimama ili isionekane.

Baada ya hapo ikawa ndiyo maisha yake. Asubuhi anakwangua, mchana anawasha, anasubiri weupe. Masizi yanaota kama manyoya, mazito na mororo, na kila mlango ukifunguka vipande vyepesi vinatengana na dari, vinaelea, vinashuka juu ya jibini. Alijaribu kuwasha mapema zaidi. Alijaribu moto mdogo. Alining'iniza turubai kuzuia upepo wa mlimani akidhani ndio unaomvuruga, na ndani ya turubai kichwa kikaanza kumgonga kama mtu anayebisha hodi. Aliosha jiwe la chini kwa chumvi. Usiku, kwenye chumba alichopewa karibu na tangi la maji, alilala macho wazi akiipitia kazi yake hatua kwa hatua kutoka kuni hadi sahani, akitafuta alipokosea, na hakuona. Alikuwa anafanya kila kitu kama alivyokifanya miaka ishirini.

Jumapili alikwenda nyumbani. Kanisani, katikati ya matangazo, Tabea alilowesha ncha ya leso kwa mate, akampangusa ndani ya sikio kama mtoto, akaitazama leso.

"Unapika piza au unafagia dohani?" alinong'ona.

"Nyamaza, wanasoma matangazo."

"Unanuka kibatari. Watu wa benchi la nyuma wanadhani nimekuja na taa."

Walipotoka, alimuuliza vizuri. Sumari alimweleza: moto upo, mkubwa, lakini haukomai. Tabea alimsikiliza hadi mwisho, wakiwa wanapanda njia ya nyumbani katikati ya migomba.

"Na kichwa?"

"Kinauma kidogo. Umri."

"Umri haukuanza Jumatatu iliyopita." Alitembea hatua chache. "Si umwambie yule mama kwamba la gesi hulijui?"

Sumari aliongeza mwendo. Kusema halijui kungekuwa sawa na kusema ukweli, na hilo alilijua. Ila alishindwa kuona atakuwa nani mtu huyo atakayekuwa amelisema.

Jumanne Mama Lesikar aliamua kwamba ubaya uko kwenye gesi. Mitungi miwili ya kilo kumi na tano ilikuwa imeisha ndani ya siku nane, jambo ambalo halikumwingia akilini. Alimwita muuza gesi wake, Kisioki, mwenye duka pale njia panda, naye akaja na pikipiki, mtungi mpya umefungwa nyuma.

"Gesi yako ni chafu," Mama Lesikar alimwambia kabla hajateremka.

"Mama Lesikar, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Gesi yako ni chafu."

"Gesi haichafuki, mama. Siyo maziwa, kwamba nimetia maji ya bombani."

"Basi hayo ni nini?" Alimsukumia kitambaa cha Sumari usoni.

Kisioki alikinusa, akamtazama Sumari, akainua mabega. "Mimi nauza mtungi umefungwa, na lakiri yake. Ukifika kwako mnaupikia nini, mnauchomea nini, sijui. Mzee, hili jiko liko sawa lakini?"

"Liko sawa," alisema Sumari. "Moto unaonekana."

Kisioki aliinama nyuma ya tanuri, akafungua mtungi wa zamani, akafunga mpya, akapaka povu la sabuni kwenye mpira kuangalia kama unavuja. Haukuvuja. Masizi yalikuja kama kawaida. Mama Lesikar aliwaambia majirani wawili wasinunue tena gesi pale njia panda, na mmoja wao, kweli, akaacha.

Ijumaa walifanya jaribio la mwisho. Sumari alikuwa amekwangua tangu saa kumi na mbili, akawasha, na alipoingiza piza alishika sahani pana ya bati juu yake kwa mkono wa kushoto, ndani ya mdomo wa tanuri, kuyakinga masizi yasidondoke. Nywele za mkono ziliungua zote. Piza ilitoka haina madoa. Mama Lesikar alikata kipande, akatafuna, akaacha kutafuna, akageukia pembeni na kukitema kwenye kiganja kwa adabu.

"Ina ladha ya taa," alisema polepole. "Samahani, mzee wangu."

"Ni kweli," alisema Sumari. "Ina ladha ya taa."

Alimsikia akipiga simu sebuleni. Kwanza kwa fundi wa majiko aliyeko Levolosi. Halafu simu ya pili, kwa sauti ya chini zaidi: "Oscar, mwanangu. Kesho uko zamu? ... Basi njoo tu saa sita hivi. Hapana, mtu nipo naye. Ni tahadhari."

Sumari alimaliza kuosha masufuria ambayo hayakuwa kazi yake.

Fundi alifika Jumamosi saa mbili unusu, mwanamume mfupi, mchangamfu, jina lake Saruni, na mkoba wa vifaa begani. Aliamkia watu wote, akakataa chai, akasema washa nione. Sumari aliwasha. Moto wa njano ukasimama, ukapanda, ukalamba dari.

Saruni aliutazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika goti. "Yeyo, mama! Hili mnapikia au mnasomea usiku?"

"Usinicheke, fundi. Wageni wangu wanashuka saa tisa."

"Hapa hamna moto, mama. Hapa kuna kibatari kikubwa. Moto wa gesi ukiwa wa njano hivi, umekosa hewa. Hauunguzi gesi yote, inayobaki ndiyo hayo masizi." Alimgeukia Sumari. "Mzee, kichwa hakikuumi?"

"Kinauma."

"Hewa yake ni mbaya sana hiyo. Mngeliweka hili chumbani, leo tungekuwa tunachimba." Aliona turubai, akalivuta chini kwa mkono mmoja. Kisha akapiga magoti nyuma ya tanuri, akamulika kwa tochi ya simu, na haikuchukua hata dakika. "Haya, nimeiona. Hii pete ndiyo mlango wa hewa. Imefungwa yote. Haitoki hivi dukani. Kuna mtu ameifunga kwa mkono."

Sumari aliiona pete, kidole chake juu yake, Jumatatu, jua likiingia bandani.

"Kisioki!" Mama Lesikar alipiga paja. "Ni Kisioki! Si ndiye aliyejipinda huko nyuma na mtungi wake? Nilisema mimi. Nilisema yule mtu ana lake." Simu ilikuwa tayari sikioni. "Kisioki? Umeharibu tanuri langu! Ndiyo, wewe! Fundi yupo hapa, ameona ulichokifunga kwa mkono wako..."

Kutoka ndani ya simu sauti ya Kisioki ilisikika ikilia kwamba wallahi hajagusa kitu. Saruni alikuwa anachezea bisibisi, anasubiri wamalize. Hakuna aliyekuwa anamtazama Sumari. Kisioki alikuja Jumanne, na masizi yalianza Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Mtu yeyote angeweza kuhesabu, lakini Mama Lesikar alikuwa na hasira, hakuwa akihesabu. Ikifika mchana pete itakuwa imefunguliwa, piza zitatoka, na mambo yatakuwa yamekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu.

"Mama Lesikar," alisema. "Ni mimi."

Hakusikika.

"Mama. Siyo yeye. Ni mimi niliyeifunga."

Mama Lesikar aliishusha simu kidogo. "Umefunga nini?"

"Hiyo pete. Siku ya kwanza. Nilitaka moto mkubwa." Alitafuta namna ya kulieleza, kuhusu mkahawa na samli na ukuta wa nyuma, akaona halielezeki mbele ya fundi. "Ule wa bluu nilidhani ni mdogo."

Kisioki alisikika vizuri kutoka kwenye simu: "Haloo? Haloo mama, upo?"

Mama Lesikar hakumpigia Sumari kelele. Alimnyooshea simu. Sumari aliipokea kwa mikono miwili.

"Kisioki, ni Sumari. Ni mimi niliyekosea. Gesi yako haina tatizo. Nisamehe."

"Mzee Sumari! Wewe?" Kulikuwa na kupumua. "Mzee, wiki nzima naitwa mtia maji. Mama Yiamat amehamia duka la kule juu kwa ajili yenu." Halafu, kwa sauti ya chini, "Haya mzee. Imekwisha. Mwambie mama aliseme hilo kwa majirani kama alivyolisema lile."

Saruni aliifungua pete. Moto wa njano ulikatika, ukajikunja, ukapotea.

"Umezima," alisema Sumari.

"Haujazima." Saruni alichana kona ya gazeti, akaiingiza mdomoni mwa tanuri kwa koleo dogo la chuma kutoka mkobani mwake. Ilishika kabla haijafika katikati, ikawa majivu. "Unaona?"

Aliona gazeti. Moto hakuuona.

Baada ya dakika arobaini dari likaanza kuwa jeupe, kuanzia katikati, kama alivyomwonyesha Mama Lesikar kwa kidole. Mama Lesikar alilitazama, akamtazama na yeye, akaingia ndani kumlipa fundi. Sumari aliusubiri moyo wake ufurahi. Aliona weupe uleule wa Momela, lakini aliyeuleta hakuwa yeye, na tena ulikuja haraka mno. Saa zake zote za zamani hazikulingana nao.

Saa tano aliingiza piza. Kule kwenye matofali alikuwa akitazama ulimi wa moto: ukiinama, unageuza, ukiinuka, unatoa. Hapa hakukuwa na ulimi wa kutazama. Palikuwa na giza la bluu nyuma kabisa na ukimya. Aliona ukingo wa unga haujabadilika rangi, akaamua moto ni mdogo, akasubiri kidogo tu, pumzi kama kumi, na alipoingiza koleo ukingo wote ulikuwa mkaa. Ya pili aliiwahi. Ilikuwa na joto juu na ute chini. Ya tatu aligeuza mapema, nusu moja ikaungua na nusu ikabaki mbichi, na alipoivuta ilipasukia kwenye koleo, nyanya ikamwagikia jiwe na kuanza kuungua kwa harufu kali.

"Baba Elieshi," Mama Lesikar aliita nyuma yake. Hakujua amesimama pale tangu ya ngapi.

"Ya nne itakaa sawa. Nimeshaanza kulijua."

"Unga uliobaki unatosha kumi na mbili. Wageni kumi na mmoja."

"Ya nne itakaa sawa, mama."

Mama Lesikar alisogea, akaweka mkono juu ya mpini wa koleo, pembeni ya mkono wake, akauacha hapo. Hakuvuta. Sumari alilishikilia kwa muda, halafu vidole vikaachia vyenyewe.

Oscar alifika saa sita kasoro dakika tano, aproni mpya chini ya kwapa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu, jambo ambalo Sumari angependa lisiwepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia sana habari zako. Mpishi wetu mkuu alipita kwako Momela." Alitoa mfukoni kipimo kama bastola ya kuchezea, akakielekeza ndani ya tanuri, kikaandika namba nyekundu kwenye jiwe. "Mia nne ishirini. Limezidi kidogo." Aligusa kitufe, akapunguza, akasubiri, akapima tena. Hakuutazama moto hata mara moja.

"Unga nani kaukanda?" aliuliza Oscar, akibonyeza donge kwa kidole.

"Mimi."

"Huu ni unga, mzee. Sisi mjini tunanunua uliogandishwa." Alilisema kwa heshima ya kweli. "Utanitandazia? Mimi mikono yangu kwenye kutandaza siyo mizuri."

Sumari alikwenda kwenye meza iliyo upande wa pili wa banda, akanawa, akanyunyiza unga kidogo mbaoni, akaanza kutandaza. Alitandaza kwa viganja, kutoka katikati kwenda nje, akiacha ukingo. Hilo aliliweza hata akifumba macho. Ya kwanza ya Oscar ilitoka kwa dakika mbili, ukingo umeinuka, chini ina madoa ya kahawia kama ngozi ya chui mdogo. Hakuna aliyeshangilia. Mama Lesikar alishusha pumzi tu, akaenda kupanga sahani.

Wageni walishuka kwenye gari saa tisa na robo, wamechoka, wana vumbi hadi kwenye kope, wanatembea kama watu wenye magongo miguuni. Walikula wote. Waliomba nyingine, zikapikwa kwa unga ambao Sumari aliukanda upya mchana. Kiongozi wao, kijana wa hapahapa Usa, alikuja hadi bandani na kumshika Mama Lesikar mkono, akamwambia kampuni itapiga simu Jumatatu kwa ajili ya makundi ya Juni na Julai. Mama Lesikar aliitikia ahsante mara nne. Kisha akaja mezani kwa Sumari, akasimama upande wa pili wa unga.

"Baba Elieshi. Kule kusema ukweli asubuhi, sitakusahau kwa hilo."

Sumari alisubiri.

"Unga utakuwa wako. Na kifungua kinywa, chapati, vyote. Mshahara ni uleule tuliokubaliana." Alipangusa unga usioonekana kwenye ukingo wa meza. "Kule mbele atasimama Oscar. Ameshakubali. Ataacha kazi mjini mwisho wa mwezi."

"Sawa, mama."

"Hujakasirika?"

Alitaka kumjibu kwamba angekasirika kama angejua wa kumkasirikia. Tanuri lilikuwa zima, gesi ilikuwa safi, fundi alisema kweli, kijana alikuwa na adabu, na yeye mama alikuwa mwema kuliko ilivyompasa.

"Hapana," alisema.

Mama Lesikar alirudi kwa wageni wake. Huko mbele mtu alicheka kwa Kijerumani. Koleo refu la mbao lilikuwa mkononi mwa Oscar; alikuwa ameshalizoea, analizungusha bila kuangalia.

"Mzee," Oscar aliita bila kugeuka, macho kwenye namba nyekundu. "Nipe mbili zaidi."

Sumari alichukua donge, akalikata katikati kwa upande wa kiganja, akaanza na la kwanza.